Ziara ya siku moja Rotorua: ni nani hasa anayeigiza?

Lawama dhidi ya ziara ya siku moja ya Rotorua, Nyuzilandi, inajulikana: mtalii anauziwa maigizo. Asubuhi anaonyeshwa maji moto, mchana anachezewa ngoma ya haka, jioni anarudishwa hotelini akidhani ameshawajua Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kwa ziara zinazoanzia Auckland lawama hiyo ni ya haki. Barabara ni kama kilomita 230, saa tatu kwenda na tatu kurudi, kwa hiyo nusu ya siku inaishia kwenye kiti cha basi. Mapokezi ya pōwhiri, yenye hotuba na nyimbo za kujibizana, yanakatwakatwa: abiria mmoja anateuliwa kuwa mkuu wa msafara, anaokota jani lililowekwa chini na shujaa, na wageni wanakaribishwa ndani. Aliyewahi kuona ngoma za hotelini kwenye pwani yetu hahitaji maelezo zaidi.

Ila ukiyatafuta maigizo yenyewe katika siku hiyo, utayakuta Wai-O-Tapu, kilomita 27 kusini mwa mji, na kinachoigizwa huko si utamaduni, ni jiolojia. Chemchemi ya Lady Knox huruka kila siku saa nne na robo asubuhi kwa sababu kuna mtu anayeimwagia sabuni. Maji ya juu yaliyopoa hukaa kama kifuniko juu ya maji ya chini yaliyo moto zaidi. Sabuni hulegeza mvutano wa maji, tabaka hizo mbili huchanganyika, na mchanganyiko hufyatuka hadi mita 20. Siri hiyo iligunduliwa mwaka 1901 na wafungwa waliokuwa wakifua nguo. Watu hupiga picha na kuondoka wameridhika, hakuna anayeuliza habari za uhalisi.

Whakarewarewa ni habari nyingine. Hapo ni kijijini kwa watu. Watūhourangi, ukoo wa Kimaori, walikuwa wakiwatembeza wageni kwenye ngazi za mawe ya waridi na meupe kando ya ziwa Rotomahana kabla mlima Tarawera haujalipuka tarehe 10 Juni 1886, ukaua watu wapatao 120 na kuzifuta ngazi hizo. Manusura walipokewa na ndugu zao Whakarewarewa, wakaendelea na kazi ileile. Sophia Hinerangi, aliyekuwa na jina kubwa kabla ya mlipuko, aliongoza wageni huko pia. Kwa hiyo kazi ya kuongoza wageni hapo imerithiwa, haikubuniwa na kampuni ya mabasi. Mahindi huchemshwa kwenye bwawa la Parekohuru. Maji ya bwawa hilo hilo hupitishwa kwenye mifereji ya wazi ili yapoe kabla ya kufika kwenye mabafu ya wanakijiji. Makaburi yamejengwa juu ya ardhi, kwani ukichimba unakutana na mvuke.

Wakosoaji huisahau hoja ya visima, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Kufikia miaka ya 1970 wakazi na hoteli za Rotorua walikuwa wamechimba mamia ya visima vya kupasha joto nyumba na mabwawa ya kuogelea. Ukivuta maji moto mengi, shinikizo chini ya ardhi hushuka, na chemchemi zinazoruka ndizo huathirika mwanzo, kwa kuwa zinalitegemea shinikizo hilo kuliko mabwawa tulivu. Chemchemi ya Papakura hapo Whakarewarewa, iliyokuwa ikiruka karibu bila kukoma, ilinyamaza mwaka 1979. Mwaka 1986 serikali iliamuru visima vyote vilivyo ndani ya kilomita 1.5 kutoka Pohutu, chemchemi kubwa inayoruka ya Whakarewarewa, vifungwe, na waliobaki nje ya mpaka huo wakatozwa ada. Watu walikasirika, tena kwa sababu: aliyekuwa akipata joto karibu bure alitakiwa kununua umeme. Lakini shinikizo lilipanda, na Papakura ikaanza kuruka tena mwaka 2015. Je, bila wageni wanaolipa kuja kuitazama Pohutu, serikali ingethubutu kuwaudhi wapiga kura kiasi hicho? Sidhani. Wanaosimamia jotoardhi Olkaria na Bogoria, nchini Kenya, wangefaa kuisoma kesi hii.

Utegemezi una gharama, hilo halipingiki. Mipaka ilipofungwa Machi 2020, mapato ya wageni wa nje yalikauka. Mwaka huohuo sheria ilikabidhi Te Puia, eneo ilipo Pohutu, pamoja na taasisi ya sanaa inayofunza uchongaji na ufumaji, kwa wenyeji: mali imerudi, ikaja pamoja na hatari za soko.

Anayetaka kwenda alale Rotorua. Asubuhi Wai-O-Tapu, mchana Whakarewarewa pamoja na muongozaji wa kijijini. Pete za fedha ziachwe chumbani, zitageuka nyeusi kwa gesi ya salfa. Kichwa kisizamishwe kwenye bwawa la maji moto, kuna ameba hatari. Njia iliyowekwa isiachwe, tabaka la juu ni jembamba. Muongozaji anayeijua kazi hutazama kwanza chemchemi ndogo ya Prince of Wales Feathers. Ikianza kutema maji anawazuia wageni wasiondoke, kwa kuwa Pohutu kwa kawaida hufuata. Basi la Auckland, lenye ratiba ya dakika arobaini, huwa limeshawasha injini.