Wanaume wafupi hatuendi ofisini?

Hapa Moshi, ingia soko la Memorial utafute suruali ya kazini. Ikikutosha kiuno, miguu inaburuza. Ukisema ikatwe, goti la suruali linaangukia kwenye muundi. Mimi ni mwanaume wa trans (nilipozaliwa niliandikwa msichana), mfupi, na hipsi ninazo: shati likikaa vizuri mabegani, kifungo cha chini kinagoma. Likifunga chini, mabega yananing'inia. Muuzaji naye, bila haya: "Kaka, jaribu kule kwenye sare za shule." Sare za shule! Na kesho nina kikao na wafadhili.

Haya, twende kwa fundi. Koti nachagua linalokaa bega, maana mikono anapunguza, bega ni kulifumua koti zima. Hapo hatugombani. Tunagombana kwenye kupimwa, tena barazani: anazungusha futi, anasita, halafu anamtangazia msaidizi wake mpaka ng'ambo ya barabara wanasikia, "Hipsi 39!" Wateja wote wanageuka. Jamani fundi, si uandike tu kimya kimya?

Viatu ndiyo usiseme. Vya ngozi vya kiume ninavyokuta vinaanzia 40, mimi navaa 38. Nani aliwaambia mguu mdogo hauna mshahara?