Huku mtoto asiyeelewa lugha ana haki, kwetu anaitwa kilaza

Jamani leo nimetoka kwenye kikao cha shule na hasira, na mimi nikiwa na hasira lazima niandike, kwa hiyo nivumilieni. Mtoto wa darasa la tano amekalishwa katikati ya mama yake na mwalimu, anaambiwa amtafsirie mama makosa aliyoyafanya yeye mwenyewe. Yaani mtuhumiwa ndiye mkalimani! Mama ni Mbembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo, kakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka na miaka kabla ya kuletwa huku Kentucky, Marekani, Kiswahili anakijua vizuri tu, lakini pale kila akigeukiwa anatikisa kichwa kukubali. Nilipofika nikasema kikao kisimame, mtoto arudi darasani, tuanze upya. Na kweli wakasimamisha, wakamwomba mama radhi, tukaanza upya.

Sasa hilo la kusimamisha ndilo nataka tuliongee. Maana mimi ni nani? Mtu wa Tabora tu, nilipofika huku nilianzia ghalani kupanga maboksi usiku kama wengi wetu, kanisani wakawa wananiomba nisaidie familia za Wakongo kusoma barua za shule, leo barua kesho kikao, mwisho shule zenyewe zikaanza kunipigia simu, nikasomea ukalimani, na sasa ndiyo kazi yangu hiyo, kusimama na hizi familia mpaka zisikilizwe. Sina cheo cha kumtisha mtu. Lakini nikisema mzazi huyu ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, tena bure, wanajua kuna sheria nyuma yangu.

Na hiyo sheria watu waliipigania. Kulikuwa na kesi ya Lau dhidi ya Nichols, watoto wenye asili ya Kichina wa San Francisco, kama 1,800 hivi walikuwa hawapati msaada wowote wa lugha, wamekaa tu darasani mwalimu anaongea Kiingereza wao wanamwangalia. Wakubwa wa shule wakajitetea kwamba hao watoto wamepewa kila kitu sawasawa na wenzao. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa, ikasema kumpa mtoto kitabu kilekile, mwalimu yuleyule na mtaala uleule huo sio usawa kama haelewi lugha ya kufundishia, na kwamba ni kuvunja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Rudieni kuisoma hiyo halafu mkumbuke fomu wani yenu.

Nyie fomu wani ya Tanzania mnaijua. Mtoto aliyekuwa anaongoza darasa la saba, akisoma kwa Kiswahili, ananyoosha mkono mpaka mwalimu anamwambia wewe subiri na wengine wajibu, Januari anaingia sekondari ya kata, anapewa kikozi cha Kiingereza cha wiki chache, halafu fizikia, kemia, historia, vyote Kiingereza. Mkono haunyooki tena. Mwalimu naye akitaka aeleweke inabidi ageukie Kiswahili kwa kuibiaibia kana kwamba anafanya kosa, na mtihani ukija ni Kiingereza kitupu. Kidato cha nne 2012 zaidi ya nusu ya watoto waliambulia daraja sifuri. Tukalaumu maabara, tukalaumu simu, tukalaumu walimu na wazazi, na sawa kila moja lina ukweli wake, lakini hivi mtoto ambaye hajaelewa swali linamuuliza nini utampimaje kama anajua kemia?

Na sio kwamba hatukujua. Tume ya Makweta, ile ya elimu, mwaka 1982 ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, serikali ikakataa. Sera ya elimu ya 2014 ikasema Kiswahili kitatumika ngazi zote, ikabaki kwenye makaratasi. Watoto waliokuwa fomu wani 1985 leo wana wajukuu, na wajukuu nao wanakariri noti wasizozielewa.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi huku ni peponi. Huku usipodai hupewi. Kuna mama mmoja aliniletea karatasi aliyoletewa na mtoto kwenye begi, ameshaisaini. "Dada, balisema nisinye, nikasinye," yaani walisema nisaini, nikasaini. Kuisoma, ni fomu ya mzazi kukataa mtoto asifundishwe Kiingereza cha wageni, ile programu wanaita ESL! Mtoto ndio kwanza ameanza shule, hajui kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na mama kwa mkono wake amemkatalia msaada bila kujua. Tulikwenda kuifuta siku hiyohiyo.

Kingine ni hii ya kumwona mtoto mzito akili kwa sababu tu hajibu. Nimekaa kwenye kikao cha elimu maalumu, meza imezungukwa na watu, mwanasaikolojia na kompyuta yake, kila mtu na rundo la karatasi, wanasema huyu kijana hesabu zimemshinda kabisa. Baba yake ananiambia pembeni huyu ndiye alikuwa anakaa kwenye genge letu pale kambini, anapima maharage, anarudisha chenji, hajawahi kunipotezea hata shilingi mia. Nikaitafsiri hiyo kwa sauti mbele ya wote. Halafu nikauliza, mlimpima kwa lugha gani? Kimya. Sheria ya elimu maalumu, IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana. Akapimwa upya kwa Kiswahili, na shida yake ilikuwa maneno ya Kiingereza kwenye maswali, hesabu yenyewe anaijua.

Halafu Machi 2025 Trump alivyosaini ile amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, simu yangu haikupumzika, wazazi wanauliza ndio wakalimani wamefutwa? Nikawa narudia, rais anaweza kusaini amri lakini Sheria ya 1964 hafuti kwa kalamu, endeleeni kuomba mkalimani. Kwa hiyo ni mapambano kila wiki, nachoka, ila nikienda kupambana nina pa kushika. Mzazi wa Nzega ambaye mtoto wake kawa bubu fomu wani atashika wapi? Atamwendea nani aseme mwanangu hana shida ya akili, ana shida ya lugha?

Najua mnayotaka kusema. "Umeishi kwa wazungu miaka miwili mitatu umekuwa mjuaji." Hapana, mimi haya nilianza kuyaona nikiwa dawati la nyuma Tabora, huku nimepata tu watu wanaoyaita kosa. Wa pili atasema, "wewe Kiingereza kimekupeleka Marekani halafu unataka watoto wetu wasikijue." Nani kasema wasikijue? Kifundishwe, tena vizuri kuliko sasa, na mwalimu anayekijua, kama somo, kuanzia chini. Ninachokataa ni kukifanya geti la kuingilia kwenye biolojia. Na yule wa "Kiswahili hakina maneno ya sayansi", TUKI, ile taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990, kwa hiyo hoja hiyo tuiache ipumzike.

Kuna na yule anayenikera kuliko wote, anayeniambia mbona watu wenye hela wanapeleka watoto Ingilishi midiamu na wanafaulu. Ndiyo, na nimeziona hizo shule, mtoto anachapwa kwa kuongea Kiswahili uwanjani, ndani ya Tanzania, na baba anayelipa ada ya mamilioni anapewa ripoti ya Kiingereza asiyoweza kuisoma, anaona aibu kuuliza, anasaini. Yule mama wa Fizi na huyu baba wa Mbagala wana tofauti gani? Mmoja yuko ugenini na sheria inamtaka mwalimu amtafutie mkalimani, mwingine yuko kwao, mwalimu ni Mtanzania mwenzake anayejua Kiswahili fasaha, na bado haelezwi.

Na haki tuitende mpaka chini, hata mtoto wa Kisukuma au wa Kimasai anayeanza la kwanza Kiswahili hakijui naye asichekwe, naye ni walewale wa San Francisco.

Kwa mliopo huku, wazazi wenzangu, acheni kuwanyima watoto Kiswahili nyumbani eti kitawachelewesha. California ilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuweka muhuri kwenye cheti cha kumaliza shule kwa kijana anayejua kusoma na kuandika lugha mbili, na majimbo mengi yamefuata. Karatasi msiyoielewa msisaini, mna ruhusa ya kuondoka nayo nyumbani. Neno la kusema ni moja, nataka mkalimani wa Kiswahili, halafu kaa kimya mpaka aje. Na nyie vijana wa Kibongo mliopo Texas, Ohio, Iowa, mnaokaa mbali na Wakongo kana kwamba hawawahusu, nendeni shule iliyo karibu nanyi mkaulize nani anawasaidia watoto wanaoongea Kiswahili, maana mara nyingi hakuna mtu, wanatumia mkalimani wa kwenye simu, na simu inakatika katikati ya sentensi mzazi akiwa ndio kwanza anaanza kueleza.