Uongo Tunaousema kwa Ajili ya Wenzetu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama 12. Tuliomba mkopo wa halmashauri, na siku afisa alipokuja kukagua mradi alikuta kuku 80 bandani. Kuku 50 kati yao walikuwa wa jirani. Tuliwaazima usiku wa kuamkia siku hiyo. Taarifa niliiandika mimi, na mkono haukunitetemeka. Niliona nawapigania wenzangu, hasa mmoja aliyekuwa analea wajukuu wanne peke yake.

Siku hiyo imenirudia baada ya kusoma utafiti wa Shaul Shalvi na Carsten De Dreu, uliochapishwa mwaka 2014, kuhusu oksitosini. Wakunga wanaijua homoni hii kuliko yeyote. Ndiyo inayobana mfuko wa uzazi wakati wa uchungu, na ndiyo sindano anayochomwa mama akishajifungua ili asipoteze damu nyingi. Mtoto akinyonya, maziwa hushuka kwa nguvu yake. Wengi huiita homoni ya upendo.

Watafiti hao waliwachukua wanaume 60, baadhi wakapuliziwa oksitosini puani, wengine dawa isiyo na kitu. Kila mmoja alibashiri kimoyomoyo sarafu itakavyoanguka, mara 10, kisha akasema mwenyewe amepatia mara ngapi. Fedha ziligawanywa sawa kwa timu yake. Kupatia mara 9 au 10 kwa bahati tu hutokea kama mara 1 katika 100, lakini zaidi ya nusu ya waliopuliziwa oksitosini walidai wamefika huko. Kwa wale wengine haikufika robo. Fedha zilipokuwa za mtu binafsi, oksitosini haikuongeza uongo hata kidogo.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Mimi nisingeazima kuku wa jirani ili nipate mkopo wangu mwenyewe. Ningeona haya.

Najua wale walikuwa wanaume 60 tu, na wapo wanasayansi wanaohoji ni kiasi gani cha dawa ya puani hufika kwenye ubongo. Wala homoni haifanyi kazi kama tunavyoikisia: mwaka 2012 huko Bonn, Ujerumani, wanaume waliopakwa jeli ya testosteroni, ile tunayoihusisha na ubabe, walidanganya kidogo kuliko wenzao kwenye mchezo wa dadu wa kulipwa. Kwa hiyo sisemi oksitosini ndiyo iliyoandika taarifa yangu. Niliiandika mimi, nikiwa na akili zangu timamu.

Ninachosema ni kwamba tunalinda mlango mmoja tu. Watoto tunawafundisha kuwa mwongo ni mchoyo, anayejipendelea. Aliyedanganya kwa ajili ya ndugu, kabila au kikundi tunamwita mtu wa watu, na moyo wake haumsuti kwa sababu umejaa huruma ya kweli. Ndiyo maana naona kikundi kisikaguliwe na mtu anayekipenda, na mahesabu yasomwe mbele ya watu wa kikundi kingine, wanaogombea fungu lile lile.

Mkopo tuliupata. Mtaa wa pili kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa na kuku wao halali, wachache, nao walikosa. Huenda na kwao kulikuwa na bibi mwenye wajukuu. Wakati ule sikuuliza.