Kilo saba na nusu za bitiruti

Mjamzito akipimwa kliniki na kuambiwa damu yake ni gramu 9 kwa desilita, pungufu ya 11 inayotakiwa, hutoka na vidonge vya madini ya chuma mkononi na kukutana na ushauri mlangoni kwa jirani. Achana na hivyo, vinachafua tumbo. Chemsha rosella, saga bitiruti: chekundu huongeza chekundu. Jioni vidonge viko juu ya kabati, na blenda inanguruma.

Jirani hajakosea yote. Vidonge vya madini ya chuma huleta kichefuchefu, kiungulia na choo kigumu, na anayelalamika hadeki. Bitiruti nayo ina chake: gramu 100 mbichi zina takriban maikrogramu 109 za foleti, vitamini ambayo mwili hauwezi kutengeneza chembe za damu bila hiyo. Ila wekundu wake si chuma. Ni rangi ya mmea, betalaini, ileile inayowatoa watu mbio chooni wakidhani wanakojoa damu.

Chuma kilichomo kwenye hizo gramu 100 ni miligramu 0.8 hivi. Kidonge cha kliniki kwa kawaida hubeba miligramu 60. Gawanya: kilo saba na nusu za bitiruti kwa kidonge kimoja! Hilo ni beseni la kubeba kichwani, limenywe, lisagwe, linywewe lote kabla ya kulala, na kesho alfajiri lingine liwe mlangoni. Mchicha una nafuu, miligramu 2 na ushei kwa gramu 100, lakini bado unadai zaidi ya kilo mbili na nusu, sufuria ya shughuli kwa mtu mmoja. Ni kweli mwili haufyonzi chuma chote cha kidonge. Kinachobaki ndicho hufanya choo kiwe cheusi. Lakini cha bitiruti na mchicha nacho hupotea kwa wingi njiani, kwa hiyo beseni halipungui.

Baadhi ya wanaosema vidonge havikuwasaidia huenda walivimeza kwa chai ya rangi. Chai hukikamata chuma tumboni kisifyonzwe; maziwa nayo huzuia. Meza kidonge kwa maji au juisi ya chungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Kikikuchefua, kimeze baada ya chakula cha usiku, ukaribie kulala: utapoteza kiasi cha chuma, lakini ni bora kuliko kukitapika. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji na papai. Cheusi hakina neno. Kinachonata kama lami na kunuka vibaya kinakutaka hospitali.

Kuna wasiofaa kujianzishia vidonge: mwenye sikoseli aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma cha ziada, daktari aamue kwanza. Na mwenye safura atamwagia maji ndoo iliyotoboka, maana minyoo inanyonya huku yeye anameza. Apewe na dawa ya minyoo.

Bitiruti ibaki mezani, ikatwe saladi na kukamuliwa ndimu kando ya maharage, kwa kuwa ndimu huusaidia mwili kukichukua chuma cha maharage. Vidonge vishuke kabatini kwa kumezwa tu, kisha virudi juu kabisa: mtoto huviona pipi, na vichache vinaweza kumuua. Damu ikifika 11 usiviache siku hiyohiyo. Ghala la chuma mwilini bado ni tupu, na kulijaza huchukua kama miezi mitatu zaidi.