Likelemba imeniharibia umaskini wangu

Wiki iliyopita nilikaa dakika 50 kwenye simu nikijaribu kumthibitishia mtumishi wa ofisi moja hapa Portland, Maine, kwamba sina kitu. Nikashindwa.

Kosa ni langu. Mimi ndiye ninayeshika likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, ya akina mama kumi na mmoja, na mwezi huu pesa zilikuwa zimelala kwenye akaunti yangu: dola 1,100. Karatasi ya benki ikaenda pamoja na maombi ya kadi ya chakula. Mtumishi akaona pesa zangu. Mimi nikaona pesa za jirani ambaye zamu yake ni Ijumaa. Wakatutafutia mkalimani wa simu, kijana, kwa lafudhi yake Mtanzania. Likelemba hakuijua. Nikamweleza: kila mmoja anatoa, mmoja anachukua. "Aah, mchezo!" akasema kwa furaha, akaligeuza neno hilohilo kwa Kiingereza. Kimya. Kisha swali likarudi: mama, huwa unacheza kamari?

Kwetu Bukavu, Kongo, nani amewahi kukuomba karatasi ya umaskini? Unaficha. Unaenda hospitali na kitenge cha kuazima ili wasikusahau kwenye benchi, na pesa unaionyesha kwanza, hata kama ni ya deni. Sisi tumelelewa na Kifungu cha 15, ile sheria ya utani ya Wakongo: jipange mwenyewe. Mtoto wangu wa pili alizaliwa, tukazuiwa wodini kwa deni siku tisa mpaka kaka yangu akauza mbuzi wawili. Mnajua, sina haja ya kusimulia.

Wa tatu nimemzaa hapa. Siku ya pili nesi akaniambia naweza kwenda. Nikamwuliza tena. Nikatembea hadi mlangoni nikisubiri mtu aniite nyuma kwa sauti, na hakuna aliyeita. Ni MaineCare, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo: tangu Julai 2022 inawapokea wajawazito na kila aliye chini ya miaka 21, bila kuuliza karatasi za uhamiaji. Nililia kwenye basi, nakiri.

Sasa nawasikia. Huyu amekuwa muzungu, anatukana kwao. Hapana. Nesi aliyenizuia Bukavu naye alikuwa na miezi bila mshahara, na mimi mwenyewe nilifundisha miaka minane nikila prime, pesa ambazo wazazi wanamchangia mwalimu, ningemtukana nani?

Halafu yule mwingine, anayesema tumekuja kuomba. Ndugu yangu, kazi nitaifanya leo jioni wakiniruhusu. Sheria inasema usiombe kibali cha kazi kabla ya siku 150 tangu upeleke maombi ya hifadhi, na hakitolewi kabla ya siku 180. Miezi sita nile nini, hewa ya bahari? Wala si kwamba Marekani inatumwagia. Tangu sheria ya 1996, sisi tunaosubiri hatuko kwenye msaada wa chakula wa shirikisho. Jimbo la Maine linalipa baadhi yetu kutoka mfuko wake, na ndiyo maana wanachungulia kila dola. Sheria ya Julai 2025 imewaondoa hata waliokwisha kukubaliwa kuwa wakimbizi.

Kinachonichosha ni kule kujieleza. Fomu inauliza: wewe na mnaoishi pamoja, mnanunua na kupika chakula pamoja? Ninakaa na mama Mrundi na watoto wake. Nikisema ndiyo, tunahesabiwa nyumba moja na mshahara wake unapimwa kama wangu. Nikisema hapana, nimedanganya, maana bugali ni ya sufuria moja. Kwetu wanawake wawili wakipika mbalimbali chini ya paa moja, mtaa mzima unauliza waligombania nini.

Mwishowe ofisi imetaka barua yenye sahihi za wote kumi na mmoja, kwamba pesa si zangu. Jumapili baada ya misa nimeizungusha. Tisa wametia sahihi palepale. Wa kumi hasaini karatasi yoyote mpaka wakili wake aione. Wa mwisho, mama mzee wa Uvira, aliisoma yote polepole, akavua miwani, akauliza kama mwenye kusaini anaweza kusogezewa zamu yake ije Machi.