Diwani kahamia Chanika, nateseka mimi

Jamani mi sijui nimekosea wapi. Nimelipa kodi ya miezi sita, dalali nimempa mwezi wake mmoja, kabati nimelibeba mwenyewe na kijana wa kirikuu, tumetoka Sinza tumekuja Chanika, kiuno mpaka leo kinanidai, na humu ndani hakuna hata mmoja aliyeniuliza Baba Nasra umepazoea? Anaulizwa paka.

Paka mwenyewe anaitwa Diwani, wanangu walimpa jina hilo kwa sababu kule Sinza alikuwa anazunguka mtaa mzima na hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi.

Siku ya kuhama mama mkwe kapiga simu, mtieni kwenye kiroba asione njia la sivyo atarudi. Mke wangu kagoma, kwenye kiroba atakosa hewa, basi Diwani kawekwa kwenye tenga la kuku, kafunikwa na kanga anayoijua harufu yake, kapakatwa mbele kwa dereva. Mi nyuma na magodoro. Kalia Sinza mpaka Pugu, trafiki katusimamisha anauliza mna mtoto mgonjwa?

Kufika tu, uvunguni. Siku ya kwanza hajagusa kitu, ya pili kalamba dagaa mmoja akaona inatosha. Shemeji yangu alisomea mifugo SUA, kapigiwa simu kama kuna msiba, naye katoa masharti kushinda mganga: msimvute, mwacheni hukohuko, akae chumba kimoja kwanza, wiki tatu hivi asitoke nje maana akitoka anaweza kuanza safari ya kurudi alikotoka, shuka lake msilifue, chakula kiwe kilekile cha zamani, na siku mbili zikipita hajala kitu mumkimbize kwa daktari kwa sababu paka akigoma kula ini linaanza kujaa mafuta. Mimi nikigoma kula naambiwa kitaliwa na watoto.

Sasa piga hesabu. Tuna vyumba viwili, hicho chumba kimoja cha Diwani ni kipi? Changu. Nalala sebuleni kwenye mkeka, na mbu wa Chanika wameshanizoea kabla mi sijawazoea. Beseni langu la kuogea limejazwa mchanga ndo choo chake. Chakula cha zamani maana yake vichwa vya vibua, nimezunguka sokoni naulizia vichwa tu, yule mama muuza samaki kanionea huruma kaniongezea na mkia.

Halafu kuna hili la macho. Eti ukimkazia paka macho anaona unataka ugomvi, inabidi umtazame, ufumbe taratibu, ufumbue taratibu, ajue huna shari. Basi mtu mzima nimelala kifudifudi sakafuni namfumbia macho paka uvunguni, dirisha pazia bado, baba mwenye nyumba anapita. Kesho yake kaniuliza kwa upole kabisa kama kule nilikotoka niliondoka kwa amani.

Wiki ya pili usiku nasikia mtu anatembea. Katoka! Anasugua shavu kwenye kabati, mguu wa kitanda, ndoo, kona ya ukuta, shemeji anasema mashavuni wana harufu yao, wanaipaka mpaka nyumba inukie kama kwao. Mimi nina mkataba wa miezi sita, mwenzangu kashaweka bikoni.

Sasa hivi sahani anamaliza, na analala katikati ya kitanda, upande wangu.

Juzi Jumanne natoka kazini Kariakoo nimechoka hoi, nikapanda gari, nikasinzia, nikashuka, nikatembea, nikagonga geti. Kafungua kijana kavaa taulo, namwuliza we nani, na yeye ananiuliza we nani. Geti la Sinza hilo. Nyumbani nimefika saa tano usiku, nikaulizwa nikaeleza ukweli. Mke wangu kamtazama Diwani kitandani, kanitazama mimi mlangoni, akasema kumbe tulimfungia asiyehusika.