filecmp ikikwambia mafaili yanafanana, iulize kama imeyasoma

Faili la mauzo la duka la Kariakoo na bekapu yake kwenye flashi yana ukubwa uleule na muda uleule. Je, yanafanana? Ukiiuliza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa filecmp.cmp, fanksheni yake ya kulinganisha mafaili, nayo ikajibu True (ndiyo), haijafungua hata moja. Naliona hili ni jambo zito, na vijana wanaoandika programu hapa Dar wanapaswa kuambiwa mapema.

Fanksheni hiyo ina kigezo kinachoitwa shallow, na usipokigusa kinabaki True. Python hutazama aina ya faili, ukubwa wake kwa baiti na muda lilipobadilishwa mara ya mwisho. Vyote vitatu vikilingana, inasema ni sawa na kuishia hapo, kama mnunuzi anayehesabu maboksi bila kufungua hata moja. Ukubwa ukitofautiana, jibu ni False papo hapo, na hapo haikosei. Yaliyomo husomwa tu pale ukubwa unapolingana lakini muda ukapishana.

Sasa fikiria bekapu. Wengi hunakili kwa shutil.copy2 kwa sababu inatunza muda wa faili la asili. Flashi ikiwa mbovu na baiti chache zikageuka baadaye, ukubwa uko palepale, muda uko palepale, na jibu ni True. Mwenye nia mbaya naye akigeuza 150000 kuwa 510000, os.utime inamtosha kurudisha muda wa zamani. Programu inayokagua hela za wanachama wa SACCOS haifai kuachiwa mwanya huo. Andika shallow=False ili yaliyomo yasomwe. Na kwa kuwa filecmp hutunza majibu yake ya nyuma, programu inayokaa ikifanya kazi kutwa nzima iite filecmp.clear_cache() kabla ya kila ukaguzi, la sivyo unaweza kupewa jibu la asubuhi.

Wapo wanaokimbilia heshi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo yote ya faili. SHA-256, aina mojawapo ya heshi, ni nzuri, ila mafaili mawili yakiwa kwenye mashine moja sioni faida yake: heshi lazima isome yote hadi mwisho, wakati ulinganishaji wa baiti husimama kwenye kipande cha kwanza chenye tofauti. Naithamini pale faili moja liko Dar na jingine Mwanza. Badala ya kumaliza bando kwa kutuma gigabaiti, unatuma herufi na tarakimu 64 tu. MD5, heshi ya zamani zaidi, usiitegemee kwa usalama; tangu 2004 imejulikana kuwa mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakatoa heshi moja.

Baiti nazo zina ukali wake. CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi) ya Windows kwa kawaida humaliza mstari kwa baiti mbili, ya Linux kwa moja. Mauzo ni yaleyale, jibu False. Hapo soma mistari kama maandishi, kisha difflib.unified_diff ikuonyeshe iliyobadilika. Mwenye duka anataka kujua ni bidhaa gani.

Toleo la 3.13 la Python limeipa hata dircmp, inayolinganisha mafolda, kigezo hichohicho cha shallow, lakini nako kimeanzia True. Natamani kianzie False. Programu za zamani zitapungua kasi, ndiyo, lakini anayetaka haraka ndiye aandike shallow=True kwa mkono wake.